Kuuliza Neno kabla ya Shamba

Butembo, Furu, 19 Januari 2025

Shangazi yangu Hulda,

Bwana asifiwe hapo Boikene, na amani yake ikae nanyi, wewe na binti yako Christa. Sisi hapa tuko wazima. Baba anamsalimu dada yake. Tangu akimbie Kirumba mwaka jana hajapata shughuli. Asubuhi anavaa koti, anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba kama mtu anayengoja gari, na saa sita analivua. Mama amepata kipande cha ardhi cha kulima maharagwe. Mimi nimerudi shuleni. Darasani nina wanafunzi sitini na wawili, kwa sababu watoto wote waliokimbia vita vya kusini wameletwa huku.

Nimekupigia simu mara nyingi tangu mazishi ya Baba Phinées, na haipokelewi. Mwishowe nimemwomba Stanislas, yule dereva anayepeleka viazi na kabichi Beni kila juma, akuletee barua hii mkononi. Ukitaka kunijibu, mpe yeye. Anaongea sana lakini hapotezi kitu.

Shangazi, najua sikukaa mpaka mwisho wa matanga. Nilikuwa kwako likizo nzima, nikala kwako, nikalala chumba kimoja na Christa, halafu siku ya tatu baada ya kumzika mume wako nikapanda gari. Nilisema shule inaniita. Iliniita kweli, ila haikuwa hiyo peke yake. Tuliache hilo.

Nina ombi. Hapa shuleni, mimi na wasichana tisa tumeanza kusoma Injili ya Marko tangu mwanzo, sura moja kwa juma, bila kuruka. Tunasoma mara mbili kwa sauti, tunanyamaza, kisha kila mmoja anasema ni wapi neno limemshika. Hakuna anayehubiri. Nilifikiri tungeweza kufanya hivyo mimi na wewe, sura ileile juma lileile, wewe kule na mimi huku, na tuandikiane. Labda ingekuwa namna ya kukaa matanga ambayo sikuyakaa.

Mbusu Christa.

Mtoto wa kaka yako,
Keren


Beni, 8 Februari 2025

Keren, binti ya kaka yangu,

Barua yako ilifika pamoja na kabichi mbili, wasingya, asante. Mungu Nyamuhanga angali anatushika. Christa amefikisha miaka kumi na minne, anapanda juu kama mkaratusi, nguo zote zimemwacha. Mbuzi alizaa wawili, mmoja akafa. Mwambie kaka yangu avue hilo koti ashike jembe, Kirumba haitamjia pale kwenye kiti.

Unauliza juu ya simu. Siku ile, kabla hawajatuletea mwili, nilipiga namba ya Phinées. Ikaita. Mutu akapokea. Nikasema, "Phinées, uko wapi?" Nikasikia anapumua, na wengine wanacheka nyuma yake. Kisha akasema polepole, "Huyu hayuko tena, mama." Tangu siku ile sigusi simu. Usiniambie niiguse.

Kuhusu matanga, sina neno na wewe. Watu walisema, "Mbona yule mwalimu amekimbia?" Nikawajibu kwamba yule mwalimu ndiye aliyetupa Neno, mumwache.

Ni hilo linalonishika, Keren. Wengine kanisani wanasema Phinées alienda kwa tamaa ya kakao, siku ambayo wenzake walibaki kwa kuogopa wauaji wa msituni. Miye nawajibu hapana. Alitumwa. Uliuliza Neno kwa mkono wako, na Neno likamwambia aende, asiogope, Bwana yuko pamoja naye popote atakapokwenda. Kama Bwana alimwambia aende, basi alikuwa anamwita kwake. Hakufa kama kuku. Nikikumbuka hilo ndipo naweza kuinuka kitandani.

Sasa wamama wa avenue, wa mtaa wetu huu, wanakuja kwangu asubuhi ya Jumatatu, na buti zao na vikapu vyao. Tunafanya kama Phinées alivyotufundisha: Biblia juu ya kitenge kilichokunjwa, mmoja anayejua kusoma anafumba macho, anafungua, anaweka kidole. Likiwa neno la amani tunaenda shamba. Likiwa la damu ao la kilio tunavua buti. Yakiwa majina ya mababu, tunangoja kidogo, tunauliza tena. Unakumbuka alivyokuwa akisema? "Hawa watu banazaa tu! Habana shamba?"

Wewe una mkono. Kila mutu hapa anajua. Mavuno ya kakao yanarudi mwezi wa tano na miye sijakanyaga shamba letu la Mayangose tangu alipoanguka kule. Nifungulie, Keren. Uliza Neno huko Butembo, kwa jina langu: Hulda arudi shambani, ao asirudi? Uandike lilivyo, usibadilishe hata herufi.

Marko nitasoma nikipata macho. Miwani imevunjika mguu.

Shangazi yako anayekungojea,
Hulda


Butembo, 2 Machi 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Miwani nimekununulia fremu nyingine, Stanislas anayo. Ukiivaa, jaribu kwanza kwa mbali. Baba alicheka uliposema juu ya koti. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwezi wa sita. Hapa mji umejaa. Kila nyumba ina watu wawili watatu waliokimbia, na watu wakisikia tairi limepasuka wanatazamana.

Stanislas aliniletea barua yako pamoja na mzaha. Alisema, "Mwalimu, nasikia bamama ya Boikene banacheza tombola na Biblia! Sisi Bakatoliki, padiri anatusomea, hatuna presha."

Nikamwambia, "Padiri anawasomea, nanyi mnasinzia."

"Ndiyo," akasema, "mais lakini tunaamka bazima."

Nilikasirika siku mbili. Kisha nikaona nimekasirika kwa sababu amesema nilichokuwa nakifikiri.

Shangazi, sitafungua. Usinikasirikie, nisikilize kwanza. Barua hii ukiikata kwa mkasi na kuokota kipande kimoja huku umefumba macho, unaweza kuokota neno "sitafungua" peke yake, na usijue kamwe kwamba niliyeiandika nakupenda. Wale walioandikiwa Maandiko waliyasikia yote, mwanzo hadi mwisho, wakiwa wamekaa. Tukichomoa mstari mmoja tukauuliza habari za Mayangose, tunaulazimisha kusema jambo ambalo haukutumwa kusema.

Mwezi uliopita tulisoma Marko sura ya nne, habari ya mpanzi. Msichana mmoja alisema mbegu ni ileile kila mahali, udongo ndio unaokataa au kukubali. Nilizoea kudhani kwamba Biblia ndiyo inayofunguliwa. Sasa nadhani ni sisi, na inachukua muda, na inauma, kama ardhi inavyopigwa jembe.

Nimesoma tena niliyoandika, nayaona ni mazuri mno. Mtu akiandika vizuri hivi, kuna jambo anapita kando yake.

Tafadhali soma sura hiyo ya nne. Uniambie ulisimama wapi.

Keren wako


Beni, 30 Machi 2025

Keren,

Miwani inanifaa, asante. Tuko wazima. Mvua ni nyingi, ukuta wa jikoni umelala upande mmoja. Katungu, jirani yangu wa mbele, yule anayeimba alto, alikuja na udongo wake na mikono yake tukausimamisha. Anakusalimu. Anasema ulipokuwa hapa ulimfundisha kusema "bonne continuation", uendelee vizuri, na sasa anawaambia hata mbuzi.

Niliomba bundu, ugali wetu, ukanitumia somo la muhogo.

Miye nilisoma mpaka darasa la sita. Sijui mambo ya wale walioandikiwa kwanza. Najua ya kwamba Phinées alikuwa akisoma Biblia asubuhi na jioni, na wewe ulikaa mezani kwake ukasoma pamoja naye, ukafungua kila asubuhi likizo nzima, hukusema mara moja kwamba ni vibaya. Sasa amekufa ndiyo unasema ni vibaya. Kwa nini hukusema akiwa na masikio?

Nilisoma ile sura ya nne. Nilisimama pale ndege wanapokula mbegu. Sikuendelea.

Shamba liko pale, Keren. Watu usiowajua wanavuna. Kila mti alioupanda Phinées naujua. Mutu akifa, mke wake akaacha shamba lake msitu ukalila, ni kama amekufa mara mbili. Mwezi wa tano nitakwenda ao sitakwenda, lakini nitauliza. Kama mkono wako umechoka, Christa atafungua. Naye anajua kusoma.

Hulda


Butembo, 27 Aprili 2025

Shangazi,

Tunakusalimu sote. Nakuandikia upesi, kwa sababu kesho ni ville morte, mji wote unagoma na kufungwa, magari hayatatoka, na Stanislas anaondoka sasa hivi.

Uliniuliza swali, kwa nini sikusema akiwa na masikio. Nimekaa nalo majuma manne, na sina la kuandika ambalo Stanislas anaweza kulingojea huku injini ikinguruma.

Nakusihi usiende Mayangose. Usimwachie Christa afungue. Sina mstari wa kukupa. Mimi mwenyewe, Keren, nakuomba usiende.

Marko tulimaliza juma hili, baada ya Pasaka. Peke yangu nasoma vitabu vya Samweli, sura moja kila asubuhi, kwa mfuatano, nisichague. Jana nilifika pale nabii Nathani anapomsimulia mfalme habari ya tajiri na maskini aliyekuwa na kondoo mmoja. Nilifunga kitabu kabla hadithi haijaisha. Najua inavyoisha.

Nitakuandikia barua ndefu. Kweli nitaandika.

Keren


Beni, 25 Mei 2025

Keren,

Salamu. Christa yuko, miye niko.

Ile barua ndefu haikufika, labda Stanislas aliipoteza, labda haikuandikwa. Jumatatu iliyopita tuliuliza. Nilimfunga Christa macho miye mwenyewe na kitambaa, akafungua vizuri, kidole kikaanguka katika Zaburi, pale wanaporudi na miganda wakiimba kwa furaha. Mama Syauswa, mmoja wa wale wamama wa Jumatatu, alipiga kigelegele. Hata miye moyo ulikuwa mwepesi, nikasema tazama, na mtoto naye ana mkono.

Tulikwenda wamama sita. Miti ya Phinées ilikuwa imebeba, Keren, imebeba sana. Tulikata mpaka saa nane. Nikasema inatosha, tutoke. Katungu akasema, "Tangulieni, mubaki na uoga yenu, mimi namaliza huu mti moja." Tulikuwa tumefika kijitoni tuliposikia. Haikuwa risasi, ilikuwa sauti yake. Tulitupa vikapu.

Askari walimleta kesho yake wakiwa wamemfunga ndani ya bâche, turubai la gari. Hawakutuacha tuifungue.

Sasa nisikie. Christa amefunga mkono wake wa kuume na kile kitambaa. Haushiki kitu. Hali nao, haandiki nao, anakaa ameuweka magotini kama mkono wa mutu mwingine. Shule hakuenda. Juma zima ameniuliza jambo moja tu, "Mama, ni mukono yangu?"

Nataka kumwambia hapana, si mkono wako. Kila nikifungua kinywa naona: kama si mkono wa Christa uliomtuma Katungu, basi na mkono wako haukumtuma Phinées, na Bwana hakumtuma. Ndipo naufunga mdomo. Mtoto ananitazama nikiufunga. Anadhani nimemjibu.

Wewe ni mwalimu. Niambie nimwambie nini.

Hulda


Butembo, 27 Mei 2025

Shangazi Hulda,

Barua ndefu haikupotea. Haikuandikwa. Katungu amekufa katika muda huo niliokuwa siiandiki. Ninaiandika sasa, na nimemwambia Stanislas sitashuka kwenye gari lake mpaka aniahidi kwamba leo hii itakuwa mikononi mwako.

Asubuhi ile ya mwezi wa kumi na mbili sikufumba macho.

Utakumbuka ilikuwa siku ya tatu. Jumatatu nilifungua, kidole kikaanguka juu ya upanga, mkavua buti. Jumanne kikaanguka juu ya mji uliokaa ukiwa kama mjane, mkavua buti. Jumatano Baba Phinées alikuwa amesimama karibu na mlango na panga mkononi, na kakao ilikuwa ikigeuka nyeusi juu ya miti. Nilimwona uso. Hakuna mtu aliyeniomba kitu. Nilijua kitabu cha Yoshua kinakaa wapi, mara tu baada ya unene wa vitabu vya Musa. Kidole gumba changu kilikijua bila macho, lakini macho nayo nilikuwa nimeyaacha wazi kidogo. Nilifungua hapo. Niliweka kidole pale nilipotaka, juu ya "usiogope". Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Aksanti, mwalimu," akatoka.

Naweza kusema nilitaka kumfurahisha, na ni kweli. Chini ya hilo kuna lingine, na ndilo lililonifanya nikimbie matanga. Sikuamini ule utaratibu. Nilikuwa nimesoma, mimi. Nilijiambia kwamba ukurasa wa bahati nasibu hausemi kitu, kwa hiyo kuna ubaya gani kumchagulia ulio mzuri? Nililichukua Neno la Mungu, ambalo yeye alikuwa akilingojea na buti miguuni, nikamlisha kama mtu anavyomlisha mtoto dawa kwa kumdanganya. Aliamini zaidi yangu. Kosa lake lilikuwa katika namna ya kuuliza. Mimi sikuuliza kabisa.

Kisha ukaniandikia kwamba alitumwa. Kila barua yangu kwako tangu hapo nimeijaza mafundisho ili nisikujibu hilo. Mafundisho yenyewe nadhani ni ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba mtu anaweza kujificha nyuma ya jambo la kweli.

Asubuhi baada ya kukuandikia mwezi wa nne nilirudi kwa Nathani, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kusoma kwa mfuatano, na hakuna mlango mwingine wa kupitia. Nilisoma mpaka anapomwonyesha mfalme kidole na kumwambia kwamba yule tajiri mwovu ni yeye. Nilikuwa peke yangu, nikageuka kutazama nyuma yangu. Hata hivyo sikuandika. Nilingoja majuma manne mazima, nikiwasomea wasichana, nikiwaambia mioyo yao iwe wazi.

Mwambie Christa hivi, kwa maneno haya: Yaya Keren, dada yake mkubwa, alidanganya na Christa hakudanganya. Mkono mmoja ulichagua, mwingine ulifungwa macho kwa haki. Yote miwili ilipata neno jema, na shambani walikuwako wauaji siku zote mbili. Si mkono wake. Katungu ameuawa na waliomuua. Biblia haikusema uongo. Hatukuwa tumeiuliza yenyewe inasema nini.

Kuhusu mkono wangu sisemi vivyo hivyo. Nimeutazama, sijui.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nikiomba, nitakuwa tena nakuchagulia ukurasa.

Keren


Beni, 6 Julai 2025

Keren,

Leo sina salamu.

Nilianza kumsomea Christa pale ulipomwandikia yeye. Akaninyang'anya karatasi, akasoma zote tangu mwanzo. Akakaa. Kisha akasema, "Donc, basi, Yaya Keren aliongopa, miye sikuongopa, na Baba na Katungu wote wawili bakakufa." Akafungua kile kitambaa, akanawa mikono, akaniuliza kama kuna mboga ya sombe iliyobaki. Akala. Shule amerudi.

Miye sikula siku ile.

Nilikuwa na kitu kimoja, nawe umekichukua. Phinées alikuwa mutu aliyeitwa. Sasa ni mutu aliyeenda kuvuna kakao akachinjwa. Ni hayo tu. Niliyasema kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni nisikie yanavyolia, na yanalia vibaya.

Nilitaka kukulaani. Nilichukua Biblia nikatafuta neno la laana la kukutumia, na nilitafuta kwa macho wazi, nikichagua, kama wewe. Yako mengi, Keren. Nililipata katika Zaburi, laana kali, siku zake ziwe chache, watoto wake watangetange. Nikachukua kalamu ninakili. Nilikuwa nimeshaandika jina lako juu. Ndipo nikaona mkono wangu, nikaona ninafanya nini.

Basi nikairudia ile Zaburi kutoka mstari wa kwanza, polepole, kama unavyosema mnafanya na wale wasichana. Nilikuwa sijawahi kuisoma mpaka mwisho. Yule anayelaani, ukiendelea, unamkuta ni maskini, moyo wake una jeraha ndani, magoti yake yamelegea kwa kutokula, watu wakimwona wanatikisa kichwa. Ni miye yule. Nilikwenda kukutafutia upanga nikajikuta miye mwenyewe nimekaa mle ndani, na mutu amenitangulia kuandika. Nilikaa naye muda mrefu. Hakuniambia niende shamba ao nisiende.

Sijakusamehe. Nakuambia ili usijidanganye na hiyo habari ya Zaburi. Ikifika siku ya kumbukumbu ya mwaka, usije. Siwezi bado kukuona ukiingia kwa mlango ule. Lakini kuandika, andika. Na uniambie baada ya Samweli mnasoma nini.

Sasa ya wamama. Jumatatu walikuja kama kawaida, na buti. Niliwaambia sitafungua, na Christa hatafungua. Nikawaambia, "Neno la Phinées lilichaguliwa."

Mama Syauswa akasema, "Kumbe! Nani alichagua?"

"Mutu aliyemupenda."

"Na sisi tukapiga kigelegele juu yake!" Akaweka kikapu chini. "Bon. Na leo? Tunaenda ao hatuendi?"

"Sijui."

"Hulda, usituchezee, jua linapanda. Kama hatuulizi, tutajua namna gani?"

"Hatutajua," nikamwambia.

Alinitazama kama mutu aliyenyang'anywa kiti. Akasema, "Basi kanisa ni ya nini?" Akabeba kikapu chake, na wawili wakamfuata. Wanne walibaki, wakavua buti wenyewe, bila mutu kuwaambia, wakakaa. Mmoja wao ni dada ya Katungu. Sikuwa na mafundisho. Niliwasomea ile Zaburi nzima, na laana zake zote, mara mbili. Dada ya Katungu alisema alikuwa hajui kama inaruhusiwa kumwambia Mungu mambo ya namna ile. Nikamwambia hata miye. Tukakaa tu.

Saa kumi na moja wale watatu walirudi kutoka Mayangose, wazima wote, vikapu vimejaa. Mama Syauswa alipita mbele ya nyumba yangu akiimba kwa nguvu ili nisikie. Nilifurahi, Keren, nilifurahi kweli. Kisha nikaingia ndani nikalia mpaka Christa akaja kunishika mabega, kwa sababu walikuwa wamerudi, na hawakuwa wameuliza chochote.

Hulda